Kilele kilikuwa siku gani? Kuhusu grafu ya wagonjwa wa kipindupindu

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nashughulikia takwimu za afya wilayani kwetu. Tuna mlipuko wa kipindupindu, na nimepewa faili la CSV ambamo kila mstari ni mgonjwa mmoja: kijiji, umri, tarehe aliyoanza kuugua na tarehe aliyoripotiwa. Nimejifunza lugha ya kompyuta ya Python kidogo, nikachora idadi ya wagonjwa kwa siku, lakini grafu imetoka kama meno ya msumeno. Mwenzangu ananishauri niweke wastani wa siku 7 ili mstari unyooke. Mganga Mkuu naye anataka mstari wa wima kwenye siku tuliyoanza kutia klorini visimani, aonyeshe kwamba kazi ile imezaa matunda. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kazi. Msumeno wako nadhani naujua hata kabla ya kuuona. Tarehe zako zimeandikwa kwa mtindo wetu wa siku, mwezi, mwaka, na kompyuta imezisoma kama maneno tu. Ikishazisoma hivyo, inazipanga kama maneno ya kamusi: 01/08, kisha 01/09, kisha 02/08, kisha 02/09. Yaani grafu yako inaruka kutoka Agosti hadi Septemba na kurudi Agosti kila hatua. Hapo wastani hautibu kitu. Utaichanganya Agosti na Septemba na kukupa mstari mzuri usio na maana yoyote.

Anza hivi:

```
import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt

df = pd.read_csv("wagonjwa.csv")
for safu in ["alianza", "aliripotiwa"]:
    df[safu] = pd.to_datetime(df[safu], format="%d/%m/%Y", errors="coerce")

print(df["alianza"].isna().sum())
print(df["alianza"].min(), df["alianza"].max())
```

Usiache kuandika ile `format`. Ukiiacha, pandas (zana ya Python ya kushughulikia majedwali) itabahatisha, na matoleo yake ya zamani yalibahatisha kila mstari peke yake: 13/04 ikawa Aprili 13 kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, lakini 03/04 ikageuka Machi 4 kwa mtindo wa Kimarekani. Wagonjwa wengi walihama mwezi, mara nyingi bila onyo lolote.

Zile `print` mbili ni za lazima. Ya kwanza inahesabu tarehe zisizosomeka au zilizoachwa wazi, maana `coerce` huzigeuza kuwa tupu kimyakimya. Ya pili inakuonyesha tarehe ya kwanza na ya mwisho. Mtu akikosea mwaka hata kwenye fomu moja utamkamata hapo, kabla grafu yako haijawa na miaka kumi ya ukimya na nguzo moja pembeni.

Sasa hesabu kwa siku:

```
kwa_siku = df.groupby("alianza").size()
siku = pd.date_range(kwa_siku.index.min(), df["aliripotiwa"].max())
kwa_siku = kwa_siku.reindex(siku, fill_value=0)
```

Mstari wa mwisho, wa `reindex`, unaojaza sifuri, ndio wengi wanausahau. `groupby` hukupa siku zenye wagonjwa tu. Siku ambayo hakuna aliyeugua haimo kabisa kwenye hesabu, na ukichora mstari, kompyuta itaunganisha Jumatatu na Alhamisi kana kwamba Jumanne na Jumatano wagonjwa walikuwepo. Sifuri ni data. Mlipuko unaoisha unajulikana kwa sifuri zake.

Hapo grafu yako itakuwa imekaa sawa. Lakini maswali yako mawili ya mwisho, wastani na mstari wa klorini, ni mazito kuliko msumeno. Naomba uyajibu pamoja nami kwa kutumia data ambayo kila mtu anaweza kuikagua.

Mwaka 1854, kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, London, kwa ukali ambao jiji hilo lilikuwa halijazoea. Daktari John Snow alishuku maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Septemba 7 jioni alizungumza na viongozi wa parokia, na Septemba 8 mpini wa pampu ukaondolewa ili watu wasiweze kuchota. Mwaka uliofuata Snow alichapisha jedwali la waliofariki, akionyesha kila siku ni wangapi walishikwa na ugonjwa na ni wangapi walikufa. Wanaotumia lugha ya takwimu ya R watazikuta namba hizo ndani ya kifurushi cha HistData kwa jina la Snow.dates. Hapa nimechukua siku 42 tu, unaweza kuziandika kwa mkono. Usijaribu kwa Excel, maana tarehe zake zinaanza 1900 na Agosti 1854 itaishia kuwa maneno.

```
siku = pd.date_range("1854-08-19", "1854-09-29")
d = pd.DataFrame({
  "walioshikwa": [1,1,1,0,1,1,0,1,1,1,1,8,56,
    143,116,54,46,36,20,28,12,11,5,
    5,1,3,0,1,4,2,3,0,0,2,1,1,1,1,1,1,0,0],
  "waliokufa": [1,0,2,0,0,2,0,0,1,0,1,2,3,
    70,127,76,71,45,37,32,30,24,18,
    15,6,13,6,8,6,5,2,3,0,0,2,3,0,0,2,0,2,1]},
  index=siku)

fig, ax = plt.subplots(figsize=(9, 4))
ax.bar(d.index, d["walioshikwa"], width=1, edgecolor="white")
ax.axvline(pd.Timestamp("1854-09-08"), color="black", linestyle="--")
ax.set_ylabel("Walioshikwa kwa siku")
plt.savefig("broadstreet.png", dpi=200)
```

Nimetumia nguzo, sikutumia mstari. Wagonjwa ni watu wanaohesabika mmoja mmoja, na nguzo zinazogusana humwezesha hata asiyesoma grafu kuona kwamba eneo lote lile ni watu. Mstari unafaa pale unapolinganisha wilaya tatu au nne kwenye mchoro mmoja.

Tazama kinachotokea. Hadi Agosti 29 ni mtu mmoja au hakuna. Agosti 30 ni 8, Agosti 31 ni 56, na Septemba 1 ni 143. Kisha 116, 54, 46, 36, 20. Ile alama ya wima ya Septemba 8 inaangukia mbali kulia, mahali ambapo mlima umeshageuka bonde. Ukijumlisha, watu 516 kati ya 571 wenye tarehe inayojulikana, yaani 9 kati ya kila 10, walikuwa wameshashikwa kabla ya mpini kuguswa. Snow mwenyewe aliliona na akaliandika bila kuficha: watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa, na ugonjwa ulikuwa umeshapungua kiasi kwamba haiwezekani kusema kama kisima kilikuwa bado na sumu siku ile. Namheshimu sana kwa hilo. Alikuwa na hoja yake ya maji, alikuwa na maadui wanaoamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu, na bado hakuzitumia namba zake kudai zaidi ya zilichobeba.

Sasa badilisha neno moja tu kwenye msimbo, `walioshikwa` liwe `waliokufa`. Kilele kinahama kutoka Septemba 1 hadi Septemba 2, na mteremko unakuwa wa taratibu zaidi. Vifo 146 kati ya 616 vimetokea Septemba 8 na kuendelea, karibu robo nzima. Ni watu walewale, ni mlipuko uleule, lakini mpini sasa unaonekana umeondolewa katikati ya vita. Kilichobadilika ni tarehe tu. Ndiyo maana nakusihi uchore kwa tarehe ya kuanza kuugua. Tarehe ya kuripotiwa inakueleza mwendo wa fomu, bodaboda na mtandao wa simu, na tarehe ya kifo nayo inachelewa. Tarehe ya kuanza kuugua ndiyo iliyo karibu na siku mtu alipokunywa maji mabaya.

Utaniuliza, na wale wasio na tarehe ya kuanza? Snow naye alikuwa nao, watu 45, na ndio wanaozidisha 571 kuwa 616. Hakuwagawa kwenye siku nyingine. Aliwaandika mwishoni kwamba tarehe haijulikani. Nawe fanya hivyohivyo: waandike chini ya grafu. Usiwajazie tarehe ya kuripotiwa, kwa sababu zahanati zilizoelemewa ndizo zinazoacha nafasi wazi, na kwa hiyo utakuwa unawasukuma mbele wagonjwa wa siku zilizokuwa mbaya kuliko zote.

Tuje kwenye wastani wa siku 7 wa mwenzako.

```
w = d["walioshikwa"].rolling(7).mean()
print(w.idxmax(), w.max())
```

Jibu: Septemba 6, wagonjwa 67. Soma tena. Kilele halisi kilikuwa Septemba 1 na watu 143. Wastani umekisogeza mbele siku 5 na kukikata zaidi ya nusu. Si kosa la kompyuta. `rolling(7)` inachukua siku ya leo na sita zilizopita, kisha inaliandika jibu kwenye tarehe ya leo, kwa hiyo dirisha (yaani siku saba zinazohesabiwa pamoja) zito kuliko yote, la Agosti 31 hadi Septemba 6, linapewa jina la Septemba 6. Na mpini uliondolewa Septemba 8! Mtu akiiona grafu hiyo ataapa kwamba ugonjwa ulikuwa kileleni, pampu ikafungwa siku mbili baadaye, mara ukaporomoka. Hadithi tamu, na haikutokea hivyo.

Ukiandika `rolling(7, center=True)` kilele kinarudi hadi Septemba 3, afadhali. Ukitumia siku 3 badala ya 7, tena katikati, kinarudi Septemba 1 penyewe, ingawa urefu wake unabaki 105.

Basi wastani wa siku 7 una kazi gani? Unayo, na ni moja hasa: kuondoa mdundo wa wiki. Wakati wa UVIKO-19 nchi nyingi ziliripoti wagonjwa wachache Jumapili na wengi Jumanne, kwa sababu maabara na ofisi zilipumzika mwisho wa wiki. Virusi havikupumzika. Dirisha la siku 7 linabeba kila siku ya wiki mara moja, kwa hiyo mdundo ule unajifuta. Lakini mdundo huo unakaa kwenye tarehe za kuripoti. Wewe unatumia tarehe za kuanza kuugua, na kuhara hakungoji Jumatatu. Ukitaka wastani, uweke juu ya nguzo, usiondoe nguzo, na uandike wazi ni wa siku ngapi na kama umekaa katikati.

Kwa taarifa ya wiki, `resample` (amri ya kujumlisha kwa vipindi) inatosha, ila ina mtego wake:

```
kwa_wiki = d["walioshikwa"].resample("W-MON", closed="left", label="left").sum()
```

Ukiandika "W" peke yake, pandas itaipa wiki jina la Jumapili inayoimaliza, na nguzo zote zitaonekana zimechelewa. Kwa msimbo wa hapo juu wiki inaanza Jumatatu na inaitwa kwa Jumatatu hiyo, ambavyo ndivyo wiki za ufuatiliaji wa magonjwa zinavyohesabiwa kwetu. London inakuwa 379 kwa wiki ya Agosti 28, kisha 158, kisha 16. Safi kwa ripoti. Lakini ule mruko wa 8, 56, 143 umemezwa wote na nguzo moja, na mruko huo ndio ushahidi mkubwa kwamba watu wengi walipata sumu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kipindupindu kinachukua saa chache hadi siku 5 tangu mtu ameze vimelea hadi aanze kuugua. Kipimo ninachokitumia ni upana wa nguzo usizidi robo ya muda huo. Kwa kipindupindu, basi, siku moja moja. Surua, inayochukua siku 10 hadi 14 hivi, inavumilia nguzo za siku tatu.

Kabla sijafika kwenye klorini, kuna jambo la upande wa kulia wa grafu yako ambalo hukuuliza, na London haina, kwa sababu namba za Snow ni za mlipuko uliokwisha. Wewe unachora unaoendelea. Walioanza kuugua jana na juzi, wengi wao bado wako nyumbani, au fomu zao bado ziko zahanati. Kwa hiyo nguzo za mwisho zitakuwa fupi kila siku utakayochora, hata kama hali inazidi kuwa mbaya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwahi kupeleka kwenye kikao grafu iliyoteremka vizuri upande wa kulia, na kikao kikaamua kupunguza wahudumu kambini. Fomu za siku zilezile zikaja baada ya wiki. Bonde lile lilikuwa kilima. Sijawahi tena kuchora bila kwanza kuuliza hivi:

```
df["kuchelewa"] = (df["aliripotiwa"] - df["alianza"]).dt.days
print((df["kuchelewa"] < 0).sum())
print(df["kuchelewa"].quantile([0.5, 0.9]))
```

Namba ya kwanza ni wagonjwa walioripotiwa kabla hawajaugua. Hao ni makosa ya kuandika, rudisha fomu zao zilikotoka. Ya mwisho inakuambia ndani ya siku ngapi 9 kati ya wagonjwa 10 huwa wameripotiwa. Ikiwa ni siku 6, zipake kijivu nguzo za siku 6 za mwisho na uandike "bado hazijakamilika". Usizifute, watu wale wapo, lakini mtu yeyote asichukue uamuzi kwa mteremko wa eneo la kijivu.

Sasa Mganga Mkuu na mstari wake. Mchoree, ni haki yake na ni haki ya waliobeba ndoo za klorini. Ila usiuchore peke yake. Mtu aliyekunywa maji usiku wa kuamkia siku ya dawa anaweza kuanza kuugua hadi siku 5 baadaye, kwa hiyo siku hizo haziwezi kuihukumu klorini kwa wema wala kwa ubaya. Zipake rangi hafifu:

```
dawa = pd.Timestamp("1854-09-08")   # weka siku yenu
ax.axvline(dawa, color="black", linestyle="--")
ax.axvspan(dawa, dawa + pd.Timedelta(days=5), alpha=0.2)
```

Kisha tazama kushoto kwa mstari kabla ya kutazama kulia. Kama nguzo zilikuwa zimeanza kushuka kabla ya klorini, kama ilivyokuwa Broad Street, mwambie Mganga Mkuu hivyo mapema, faraghani, asije akaambiwa na mwingine mbele ya wageni. Kama zilikuwa bado zinapanda, na zikashuka baada ya lile eneo la rangi, ana hoja nzuri. Itakuwa nzuri zaidi mkichora vijiji vilivyotiwa dawa na ambavyo havijafikiwa kwenye grafu mbili, moja juu ya nyingine, zenye mhimili mmoja wa tarehe.

Na kama nguzo zilishashuka mapema, hiyo haina maana kwamba kazi yenu ilikuwa bure. Kasisi mmoja wa mtaa ule wa Soho, Henry Whitehead, alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, na mwishowe akaipata habari ya mtoto mchanga wa nyumba namba 40, jirani kabisa na pampu. Mtoto huyo alianza kuharisha Agosti 28, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililokuwa likivuja kuelekea kisimani. Baba wa mtoto huyo aliugua naye, Septemba 8, siku ileile mpini ulipoondolewa. Uchafu wake ungeweza kuingia katika shimo lilelile, lakini safari hii hapakuwa na wa kuchota. Kwenye jedwali la Snow jambo hilo linaonekana kama 12, kisha 11, kisha 5.

Kwa hiyo chini ya grafu yako andika hivi: wagonjwa kwa tarehe ya kuanza kuugua, idadi ya wasio na tarehe, siku data ilipovutwa, siku ambazo hazijakamilika, na siku na vijiji vilivyotiwa klorini. Kama faili lina safu ya majina, iondoe kabla hujamtumia yeyote, hata mwenzako. Ukikwama kwenye `reindex`, nitumie mistari kumi ya mwanzo ikiwa na tarehe tu.